Mgonjwa wa Saa Nane Mchana

Mama Selina alipangiwa kufa siku ya Alhamisi, katika sehemu ya kumi na mbili, baada ya kuwaita wanawe watatu kitandani na kuwagawia shamba. Nasimiyu, aliyekuwa akimwigiza, alikuwa ameijaribu pumzi ya mwisho mara nyingi jikoni kwake Kaptembwo, mpaka jirani akabisha mlango kuuliza kama kuna shida. Kazi aliyopewa ilikuwa ya sehemu kumi na mbili tu. Alikuwa mwalimu wa chekechea aliyestaafu, mjane wa miaka hamsini na tisa, mwenye mgongo ulionyooka na miguu ya kupanda Menengai bila kupumzika njiani. Alichotaka ni kitu cha kumtoa nyumbani kwa majuma machache.

Jumatatu ya juma lile simu zikaanza kuingia Redio Ukingo. Madereva wa malori walipiga kutoka Salgaa wakiomba kwamba wakifika Eldoret wakute mama bado anapumua. Kwaya moja ya Bahati ilituma salamu na maombi. Mwanamke wa Njoro alilia hewani dakika nne nzima, mtangazaji akashindwa kumkata. Kihara, kijana aliyekuwa meneja wa vipindi, alizisikiliza simu hizo zote akiwa amefumba macho kama mtu anayeonja supu. Kisha akamwita Chelagat, msichana aliyeandika mchezo wenyewe, akamwambia neno moja.

"Asife."

"Hadithi yote imekalia kifo chake," Chelagat alisema. "Wanawe watagombania nini kama mama yuko hai?"

"Watagombania atakufa lini."

Kwa hiyo Alhamisi ilipofika Mama Selina hakufa. Alizirai. Juma lililofuata alizinduka, akapoteza kumbukumbu mwezi mzima, akaipata tena Jumatatu ya Pasaka. Hospitali iligundua kwamba ilichanganya vipimo vyake na vya mtu mwingine, familia ikashangilia, kisha ikagunduliwa kwamba havikuwa vimechanganywa. Mtoto wa nne, ambaye hakuna aliyewahi kumtaja, akarudi kutoka Qatar. Wosia uliibwa, ukapatikana ndani ya gunia la mahindi, lakini panya walikuwa wameula pale penye majina. Kila Chelagat alipodhani ameishiwa, Kihara alimwagiza chai na kumkumbusha kwamba watu wanataka kitu kipya na papo hapo wanataka kilekile cha jana, na kwamba kazi yake ni kuwapa vyote viwili kabla ya saa nane mchana. Kitu hicho Kihara alikiita kontenti. Alilitamka neno hilo kwa heshima, kama wengine wanavyotaja mvua.

Miaka miwili ikapita hivyo, Jumatatu hadi Ijumaa, nusu saa kila siku.

Kilichowakamata watu, kusema kweli, kilikuwa kikohozi. Nasimiyu hakukibuni. Kilikuwa cha marehemu mumewe, Ooko, fundi wa reli kama baba yake alivyokuwa, aliyekohoa miaka mitatu katika chumba chao kabla ya kuondoka. Kilianza kikavu, kikawa kama mtu anayeburuta gunia juu ya simenti, kisha kikakatika ghafla, na katika kimya kile kila msikilizaji alijikuta ameshika pumzi yake mwenyewe. Miezi ya kwanza Nasimiyu alijiona kama mwizi. Baadaye aliona ni njia ya kumsalimu Ooko kila siku mchana. Mwaka wa pili kikohozi kikaanza kumjia bila kuitwa, akiosha vyombo au akifunga kamba za viatu, na hilo hakulipenda.

Mtaani maisha yalibadilika pia. Wangeci, aliyeuza mboga karibu na stendi, alimwongezea sukuma wiki na kukataa katakata kumwacha aibebe mwenyewe. Kina mama wa kanisa walimwekea mikono kichwani wakamwombea mapafu. Mara ya kwanza aliwaambia kwamba mapafu yake ni mazima, kwamba ni mchezo tu. Wakatazamana kwa huruma, wakaombea pia akili yake. Siku moja alionekana amebeba mtungi wa lita ishirini kichwani, hatua ndefu ndefu, na kesho yake Kihara akampigia simu. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba kuna watu wamelalamika, na kama mathe, kama alivyozoea kumwita, angeweza kuwa anatembea polepole akiwa nje, ingesaidia sana kipindi. Basi Nasimiyu, aliyeweza kuwapita vijana kwenye mteremko, akajifunza kutembea kama anayehesabu kokoto.

Mnamo Januari kijana mmoja alipanda ngazi za stesheni akiwa na vumbi jeupe kwenye nyusi. Aliitwa Ngigi na alifanya kazi kwenye machimbo ya Kariandusi, kule wanakochimba ule udongo mweupe mwepesi kama unga. Mama yake, Waithera, alikuwa amelala miezi kumi na minane tangu apooze upande mmoja. Alisikia mchezo kila siku. Ngigi aliomba, kama si usumbufu, Mama Selina aende amjulie hali.

"Mgonjwa kwa mgonjwa," Kihara alisema, akamtazama Chelagat. "Nenda na mashine ya kurekodi."

Walifika Kariandusi siku iliyofuata, saa nane ikikaribia. Wake wa nyumba ile, Jackie aliyeolewa na Ngigi na Sue aliyeolewa na ndugu yake, walimpokea Nasimiyu mlangoni, mmoja kila upande, wakamshika viwiko. Walimkalisha kwenye kiti chenye mto. Walimletea chai na kumpulizia ipoe. Sue alikuwa akilia tayari.

"Hatukujua kama ungeweza safari," Jackie alisema. "Na vile jana ulilala kwa hiyo baridi."

Jana, katika mchezo, wanawe walikuwa wamesahau kufunga dirisha.

"Nimepona kidogo," Nasimiyu alisema. "Mama yuko wapi nimsalimie?"

"Yuko huko ndani, atakuona. Lakini ni saa nane mathe. Ngoja kwanza tusikie."

Wakawasha redio. Siku hizi vipindi vilirekodiwa juma moja kabla, kwa hiyo Nasimiyu alikaa pale akiwa na kikombe mkononi na kujisikia mwenyewe akikohoa kutoka juu ya kabati. Alitaka kusema jambo, Sue akamwekea kidole mdomoni, kwa upole, bila kumtazama. Chelagat alikuwa amewasogezea wale wake wawili mashine yake na kuinasa kwikwi yao. Hakuna aliyemhitaji mgeni tena. Nasimiyu akaweka kikombe chini, akainuka, akasukuma mlango wa chumba cha pili.

Chumba kilikuwa safi. Shuka zilinukia sabuni, na bakuli la uji lilikuwa juu ya stuli, limefanya ngozi. Waithera alilala kwa ubavu akiwa ameelekea ukutani.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama Ngigi. Nimetoka Nakuru. Yule wa redio."

Kutoka sebuleni kikohozi kiliburuta gunia lake.

"Selina?"

"Ndiyo."

"Basi pitia huku kwa ukuta nikuone. Mimi siwezi geuka."

Nasimiyu alijipenyeza kati ya kitanda na ukuta, akachuchumaa. Waithera alimkagua toka utosini hadi miguuni. Uso wake ulikuwa umelegea upande mmoja, lakini jicho lilikuwa kali.

"Umenona," alisema.

"Tunashukuru Mungu."

"Utakufa lini?"

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza gari la Gilgil linapita saa ngapi. Kisha akaendelea mwenyewe.

"Sikuchukii, usifikirie hivyo. Nikisikia ukikohoa nasema, huyu anajua. Na hawa wasichana ni wazuri, sikudanganyi. Wananiosha, wananilisha, hawanipigii kelele. Lakini nesi alisema nigeuzwe saa sita, saa nane na saa kumi. Saa sita nageuzwa. Saa kumi nageuzwa. Ya saa nane ni yako."

"Hawakumbuki?"

"Wanakumbuka wewe. Ukimaliza, wanakaa hapo wakizungumza vile unateseka. Jana Sue alisema watoto wako hawana utu, wanaacha mama mgonjwa peke yake kwa chumba. Alisema hivyo akiwa hapo, mlango uko wazi. Mimi niko hapa, natazama ukuta."

Nasimiyu aliuma mdomo. Alipoona Waithera naye anatetemeka bega moja zima, alidhani analia. Alikuwa anacheka. Wakacheka wote wawili, kwa sauti ya chini ili wasiwasumbue wanaosikiliza.

Kisha Nasimiyu akapitisha mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, kama alivyokuwa akimgeuza Ooko, akamgeuza. Ngozi ya ubavuni ilikuwa nyekundu, bado haijachubuka. Aliipapasa kwa mafuta aliyoyakuta dirishani. Aliukoroga uji ule baridi akamnywesha kijiko kwa kijiko, na sebuleni Mama Selina alikuwa akimwomba mwana wake mkubwa, Daudi, amletee maji, na Daudi akimjibu kwamba yuko kwenye simu.

"Kufa tu, mama," Waithera alisema kati ya vijiko. "Si lazima iwe na maneno mengi. Lala, usiamke. Ni kitu cha kawaida, watu wanafanya."

Mchezo ulipokwisha, Jackie aliingia akipangusa macho, akamkuta mgeni na bakuli tupu. Aliona haya kweli kweli.

"Ai, mathe. Wewe ni mgeni. Na hiyo hali yako."

"Alikuwa anataka kugeuzwa."

"Ndiyo tulikuwa tunakuja," Jackie alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hakuwa akidanganya.

Jumatatu Nasimiyu aliingia ofisini kwa Kihara bila kutembea polepole. Alimwambia kwamba anataka kufa. Alikuwa tayari kufa kwa namna yoyote watakayoona inafaa, mradi iwe mwezi huo.

Kihara alimvutia kiti. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kumshinda. "Mathe, kuna watu hawazimi redio kwa sababu hujafa. Unajua hiyo ni kitu gani?"

"Najua mmoja anayetaka niizime mimi mwenyewe."

Hakumwelewa. Alikuwa na habari yake, na habari yenyewe ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Sehemu ya mia tano ilikuwa inakuja, na wangeitangaza moja kwa moja kutoka Salgaa, kwenye hoteli ya madereva, mbele ya watu. Pale, mbele ya wote, Mama Selina angepona. Daudi angetubu, amwambie mama simama, na mama angesimama, atupe blanketi na atembee. Msimu mpya ungeanzia hapo: Mama Selina angefungua hoteli barabarani, na baada ya hoteli angegombea uwakilishi wa wadi.

"Huko kuna kontenti ya miaka mitano," Kihara alisema. "Kama atashinda, ni kumi."

Nasimiyu alimtazama Chelagat aliyekuwa amekaa pembeni na kalamu. Msichana alikuwa na miaka ishirini na saba na macho ya mtu wa sitini. Chelagat akainamia karatasi zake.

Ijumaa ya Salgaa jua lilikuwa kali. Malori yalijipanga pande zote mbili za barabara, na madereva walijaa kwenye viti vya plastiki, wengine wakiwa wamesimama na sahani za nyama mkononi. Kitanda kilikuwa kimewekwa juu ya jukwaa la mbao, na maikrofoni imening'inizwa juu ya mto. Nasimiyu alipandishwa akiwa amefunikwa blanketi, na mwanamume mmoja mnene aliyekuwa mbele akaacha kutafuna.

Walicheza dakika ishirini na tano kama ilivyoandikwa. Daudi aliigizwa na Kimaiyo, mwalimu wa shule ya udereva, mtu mwenye sauti nzuri na kipaji kidogo. Alitubu vizuri kuliko siku zote. Alikiri habari ya gunia la mahindi. Kisha akamshika mama mkono, akavuta pumzi na kusema maneno yaliyokuwa yametangazwa juma zima.

"Mama, simama."

Nasimiyu alikohoa. Kilianza kikavu, kikaburuta, kikakatika. Watu walishika pumzi kama walivyozoea, wakiingoja pumzi inayofuata. Haikuja.

"Mama," Kimaiyo alirudia, "simama."

Kwenye maikrofoni kulisikika tu mlio wa lori lililopita mbali. Nasimiyu alikuwa ameuachia mkono wake ukaanguka nje ya kitanda, mzito, kiganja juu, kama wa Ooko ulivyoanguka. Hakufikiria Kihara wala msimu mpya. Alifikiria tu asipepese macho.

Kimaiyo akamtikisa bega. Hilo halikuwa kwenye karatasi. "Mama Nasimiyu," alinong'ona, na redio ikaunasa mnong'ono huo, ukasikika hadi Molo. "Mama, uko sawa?"

Watu wakaanza kusimama. Mwanamume mnene wa mbele akaweka sahani chini, akapanda jukwaani akisema kwamba kampuni yao iliwapa mafunzo ya huduma ya kwanza, kwamba yeye ni Wasike, wa lori la saruji. Alipiga goti, akamshika Nasimiyu kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yakienda kama ngoma ya harusi. Wasike akafungua kinywa.

Nasimiyu, bila kusogeza midomo sana, kwa sauti isiyofika hata kwenye maikrofoni, alimwambia kwa Kibukusu, maana jina lile lilikuwa la kwao, amwache afe, kwa kuwa amechoka na kuna mtu anangoja.

Wasike alibaki ameshika mkono ule kitambo. Alikuwa ameusikiliza mchezo ule miaka miwili akiwa peke yake kwenye usukani, na aliona, baadaye alivyoeleza, kwamba ombi la mama wa umri ule si la kubishania. Akaurudisha mkono chini ya blanketi. Akavua kofia.

"Ameenda," alisema kwenye maikrofoni.

Madereva wote wakavua kofia. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi akakaa chini kwenye vumbi. Nyuma ya mitambo Kihara alikuwa ameganda, uso umemwisha damu. Chelagat alifunika uso kwa karatasi zake, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kisha simu ya Kihara ikaanza kutetemeka mfukoni, ikatetemeka tena, haikuacha. Akaitoa, akaisoma. Polepole damu ikamrudia usoni.

Hakumfukuza Nasimiyu wala hakumlaumu. Alimpigia jioni ileile kumshukuru. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, na kwamba kwa kuwa msiba ni mzito, nusu saa haitoshi. Kuanzia Jumatatu mchezo ungekuwa wa saa nzima.

Majuma ya kwanza Nasimiyu alifurahia umauti wake. Alibeba mtungi wa maji hadharani. Kikohozi kilimwacha. Wangeci hakumwongezea mboga tena, akampa mkono na kumwambia pole kwa msiba, na Nasimiyu akasema asante. Lakini redioni Mama Selina hakuzikwa. Daudi alitaka azikwe shambani, yule wa Qatar alitaka kwao alikozaliwa, na wakati wanabishana mwili ulikaa mochari. Kila mmoja wao aliota ndoto, na katika ndoto mama alisema naye. Kihara alikuwa na mamia ya saa za sauti ya Nasimiyu; alikata neno hapa na neno pale na kumsemesha chochote. Nasimiyu alijisikia, siku moja akichambua dengu, akiunga mkono barabara mpya ambayo hakuwahi kuisikia.

Juma la tisa Ngigi alipiga simu, akasema mama yake anataka kuongea, akamshikia simu sikioni.

"Selina."

"Naam, Mama Ngigi."

"Ulikufa vizuri sana. Nilisikia. Hakuna mtu angefanya vizuri kushinda hivyo."

"Asante."

"Sasa imekuwa saa nzima. Na baada ya hiyo wanaimba."

Upande wa pili Waithera alikuwa anapumua, bila kulalamika, akimpa nafasi ya kufikiri.

"Jumanne nitakuja," Nasimiyu alisema.

Alikwenda Jumanne, kisha Alhamisi, kisha ikawa desturi, mara tatu kwa juma. Alishukia barabarani, akapanda kilima kwa hatua zake ndefu, akafika dakika kumi kabla ya saa nane. Alijaribu mara moja kuwaeleza Jackie na Sue, akawaambia waziwazi kwamba mama mkwe wao anaumia saa ile. Walisikitika, wakalia kidogo, wakaahidi, na siku mbili walitimiza. Siku ya tatu kulikuwa na kikao cha ukoo redioni.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne alikuta mlango umeegeshwa. Jackie na Sue walikuwa wamekaa bega kwa bega, leso mkononi, na majirani wawili wamekuja kuomboleza pamoja nao. Sue alimwona, akainuka nusu, akampa mkono wa rambirambi bila kutoa macho kwenye redio.

"Pole, mathe," alimnong'oneza. "Pita polepole. Hakimu anasoma."

Nasimiyu alivua viatu ili asipige kelele kwenye simenti, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimlilia, akaingia chumba cha pili na kufunga mlango. Aliyapasha mafuta kwa viganja.

"Wamekuzika?" Waithera aliuliza ukutani.

"Bado. Daudi amepata zuio kortini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwezi wa sita, hakimu amesema. Halafu kuna rufaa."

Waithera aliwaza kidogo.

"Basi anzia begani," alisema. "Hapo ndipo kunauma zaidi."